Haiti na uwanja wa nyumbani: njia mbili zinazopingana za kwenda Kombe la Dunia

Timu ya taifa ya Haiti imefuzu fainali za Kombe la Dunia la wanaume mara mbili tu, na kati ya mara hizo mbili imepita zaidi ya nusu karne. Mara ya kwanza, Desemba 1973, hatua nzima ya mwisho ya mchujo ilichezwa katika uwanja mmoja wa Port-au-Prince, mbele ya watu wake wenyewe na mbele ya serikali iliyokuwa imegharimia mashindano. Mara ya pili, Novemba 2025, timu ilifuzu bila kucheza hata mechi moja katika ardhi ya Haiti, ikiongozwa na kocha ambaye hadi siku hiyo hakuwa amekanyaga nchi hiyo. Habari hizi mbili husimuliwa mara nyingi kama maajabu mawili yasiyohusiana. Ukizitazama kwa pamoja, hata hivyo, unaona kuwa zote zinazunguka swali moja, nalo ni la uwanja wa nyumbani: unasaidia nini, unagharimu nini, na timu hufanya nini unapotoweka.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki nchi hii si ngeni kama ilivyokuwa zamani. Juni 2024 polisi wa Kenya walifika Port-au-Prince kuongoza kikosi cha kimataifa kilichoidhinishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ili kupambana na magenge yenye silaha. Kocha niliyemtaja, Mfaransa Sébastien Migné, ndiye aliyeipeleka Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka 2019, na ndiye aliyekuwa kwenye benchi Kenya ilipoifunga Tanzania mabao 3-2 katika mashindano hayo. Magenge yaliyokabiliwa na polisi wale ni sehemu ya sababu iliyomfanya kocha huyo aifundishe timu ya Haiti akiwa nje ya Haiti.

Soka limeota mizizi Haiti kwa muda mrefu. Shirikisho la soka la nchi hiyo lilianzishwa mwaka 1904, na Haiti ilijaribu kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1934, ilipokutana na Cuba katika mechi tatu zilizochezwa zote Port-au-Prince. Haiti ilitoka sare moja na kufungwa mbili, ya mwisho kwa mabao 6-0. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu wengi hudhani kwamba kucheza nyumbani kunatosha kueleza ushindi wa 1973. Uwanja wenyewe ulikuja kupewa jina la Sylvio Cator, mwanariadha wa Haiti aliyetwaa medali ya fedha ya kuruka chini katika Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, na ambaye mwaka huohuo aliweka rekodi ya dunia ya mita 7.93. Cator alikuwa pia mchezaji wa soka.

Mhaiti wa kwanza kuacha alama katika Kombe la Dunia hakuvaa jezi ya Haiti. Joe Gaetjens, mzaliwa wa Port-au-Prince, alikwenda New York kusomea uhasibu, akawa akiosha vyombo katika mkahawa ili kujikimu na kucheza soka la ligi ya huko. Mwaka 1950 alichukuliwa katika kikosi cha Marekani, ingawa hakuwa raia wa nchi hiyo. Kwa taratibu za wakati ule ilitosha kutangaza nia ya kuomba uraia. Tarehe 29 Juni 1950, mjini Belo Horizonte, alifunga kwa kichwa bao pekee katika mechi ambayo Marekani iliifunga England 1-0, matokeo ambayo hadi leo yanahesabiwa miongoni mwa yaliyowashangaza watu kupita yote katika historia ya mashindano hayo. Gaetjens alirudi nyumbani, akaichezea Haiti dhidi ya Mexico mwaka 1953, kisha akaishi maisha ya kawaida ya mtu wa biashara. Jamaa zake walikuwa upande wa wapinzani wa François Duvalier. Julai 1964, wiki chache baada ya Duvalier kujitangaza rais wa maisha, Gaetjens alikamatwa na Tonton Macoute, wanamgambo wa utawala huo, na kupelekwa katika gereza la Fort Dimanche. Hakuonekana tena, na mwili wake haukupatikana kamwe.

Haiwezekani kueleza timu ya miaka ya 1970 bila kumkumbuka mtu huyu, kwa sababu utawala uliommeza ndio uliokuja kuifanya timu ya taifa kuwa pambo lake. François Duvalier alifariki mwaka 1971 na kumwachia madaraka mwanawe Jean-Claude, kijana wa miaka 19. Kijana huyo aliona katika soka njia ya kupendwa ambayo baba yake, aliyetawala kwa hofu, hakuwa nayo. Fedha zikaelekezwa kwa timu, wachezaji wakawekwa kambini kwa muda mrefu, na Haiti ikapata nafasi ya kuandaa mashindano ya ubingwa ya CONCACAF ya mwaka 1973, yaani mashindano ya shirikisho la Amerika Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibiani. Mwaka huo mashindano hayo ndiyo yaliyokuwa pia hatua ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia. Ukanda mzima ulikuwa na nafasi moja tu kati ya 16 za fainali.

Timu sita zilikutana Port-au-Prince: Haiti, Trinidad na Tobago, Mexico, Honduras, Guatemala na Antili za Uholanzi. Kila moja ilicheza na nyingine mara moja, na ushindi ulikuwa na pointi 2. Haiti ilimaliza na pointi 8, Trinidad na Tobago na Mexico zikiwa na 6 kila moja. Mechi iliyoleta ubishi usiokwisha ni ile ya tarehe 4 Desemba, Haiti ilipoifunga Trinidad na Tobago 2-1 huku mwamuzi kutoka El Salvador akiyakataa mabao manne ya Trinidad, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi. Mwamuzi huyo alifungiwa baadaye na FIFA, lakini matokeo hayakubadilishwa. Hesabu ya pointi inaonyesha uzito wa jambo hilo: kama Trinidad ingeshinda siku hiyo, ingemaliza na pointi 8 na Haiti ingebaki na 6. Siku kumi baadaye Trinidad hiyohiyo iliichapa Mexico 4-0, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema haikuwa na uwezo. Wazee wa soka wa Trinidad wamebeba kidonda hicho maisha yao yote, na sioni sababu ya kuwaambia wakisahau.

Wapo wanaohitimisha hapo kwamba Haiti ilibebwa, na kwamba timu ile haikuwa lolote bila mwamuzi na serikali. Hitimisho hilo silikubali, na sababu yangu ni matokeo ya ugenini. Katika mchujo wa Kombe la Dunia la 1970, Haiti ilifika hatua ya mwisho na kukutana na El Salvador, nchi iliyokuwa imetoka tu kwenye vita na jirani yake Honduras. Haiti ilifungwa nyumbani 2-1, ikaenda San Salvador na kushinda 3-0. Kwa kanuni za leo za kujumlisha mabao ya mechi mbili, ingekuwa imesonga mbele kwa 4-2. Kanuni za wakati ule ziliangalia ushindi tu, na kwa kuwa kila upande ulikuwa na ushindi mmoja, mechi ya tatu ikachezwa Kingston, Jamaica, ambako El Salvador ilipata bao pekee katika muda wa nyongeza. Mwaka 1971 mashindano ya ubingwa wa ukanda yalifanyika Trinidad, na Haiti ikashika nafasi ya pili nyuma ya Mexico. Mwaka 1977 yalifanyika Mexico kwenyewe, na Haiti ikawa ya pili tena. Timu inayokuwa ya pili ugenini kabla na baada ya 1973 haiwezi kuwa kazi ya mwamuzi mmoja. Dhuluma waliyotendewa Trinidad ilikuwa ya kweli, na ubora wa kizazi kile cha Haiti ulikuwa wa kweli pia. Anayefuta kimoja ili akitunze kingine anaipunguza historia.

Kizazi hicho, chini ya kocha Antoine Tassy, kilikuwa na kipa Henri Francillon, kiungo Philippe Vorbe na mshambuliaji Emmanuel Sanon, ambaye wote walimwita Manno. Haiti ikawa nchi ya pili ya Karibiani kucheza fainali za Kombe la Dunia, baada ya Cuba mwaka 1938. Huko Ujerumani Magharibi ilipangwa na Italia, Poland na Argentina, kundi ambalo hata timu kubwa lingeipa homa. Tarehe 15 Juni 1974 mjini Munich, mara tu baada ya mapumziko, Vorbe alimpenyezea Sanon mpira, Sanon akamwacha beki Luciano Spinosi kwa mbio, akampiga chenga kipa Dino Zoff na kufunga. Zoff alikuwa hajafungwa katika mechi za kimataifa kwa dakika 1,142, tangu Septemba 1972. Italia ilisawazisha dakika chache baadaye na kushinda 3-1, lakini ni bao la Sanon linalokumbukwa, na Wahaiti walio wengi, hata waliozaliwa muda mrefu baadaye, wanaweza kukusimulia lilivyofungwa.

Furaha hiyo haikudumu. Baada ya mechi hiyo kiungo Ernst Jean-Joseph alipimwa na kukutwa na dawa iliyokatazwa, akawa mchezaji wa kwanza kubainika hivyo katika fainali za Kombe la Dunia. Alijitetea kwamba ilikuwa dawa yake ya pumu. Maofisa wa Haiti waliokuwa wameongozana na timu walimpiga, wakamtoa kambini kwa nguvu na kumrudisha nyumbani kwa ndege. Wenzake walibaki bila kujua kama angefika akiwa hai, na katika hali hiyo waliingia uwanjani kucheza na Poland, wakafungwa 7-0. Jean-Joseph alinusurika na akaja kucheza soka tena, lakini mechi ile ya Poland haipaswi kusomwa kama kipimo cha uwezo wa timu. Dhidi ya Argentina Haiti ilifungwa 4-1, na bao lake likafungwa tena na Sanon.

Katika fainali hizohizo kulikuwa na timu nyingine iliyobeba mzigo wa mtawala wake. Zaire ya Mobutu ilikwenda Ujerumani ikiwa bingwa wa Afrika, ikafungwa na Scotland, Yugoslavia na Brazil bila kupata bao. Haiti na Zaire zilitoka zikiwa zimefungwa mabao 14 kila moja. Magazeti mengi ya Ulaya yalizitaja kwa dhihaka, kana kwamba tatizo lilikuwa ni watu weusi kutojua soka, ilhali wachezaji wa timu zote mbili walikuwa wakicheza huku wakiwaza nini kingewapata wakirudi.

Mafanikio ya mwaka 1973 yalisimama juu ya nguzo ya serikali moja. Duvalier mdogo alipokimbia nchi Februari 1986, hakuacha nyuma ligi imara, viwanja vya mikoani wala mfumo wa kulea vijana unaoweza kujiendesha. Sanon mwenyewe alikuwa ameondoka mara baada ya Kombe la Dunia kwenda Beerschot ya Ubelgiji, na baadaye Marekani, alikofariki mwaka 2008. Miaka iliyofuata ilikuwa ya mapinduzi, vikwazo vya kiuchumi na majanga. Ushindi ulikuja hapa na pale, kama ubingwa wa Karibiani mwaka 2007. Kisha likaja tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, lililoua zaidi ya watu laki moja. Makao makuu ya shirikisho la soka yaliporomoka na kuua zaidi ya watu 30 waliokuwamo, wakiwamo makocha, waamuzi na viongozi, na Uwanja wa Sylvio Cator ukageuka kambi ya waliopoteza makazi. Nchi nyingine hujenga soka kwa kurithishana ujuzi, na Haiti ilipoteza warithishaji wengi kwa alasiri moja.

Hapo ndipo panapohitaji kueleweka vizuri jinsi timu ya leo ilivyoundwa. Kwa miongo kadhaa Wahaiti wamekuwa wakihamia Ufaransa, Marekani, Canada na kwingineko, na watoto wao wamekulia katika vituo vya soka vya nchi hizo. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji mwenye uraia kuichezea nchi ya mzazi au ya babu na bibi yake, na marekebisho ya mwaka 2020 yalilegeza masharti kwa yule aliyekwisha kuichezea nchi nyingine, hasa akiwa kijana. Kiungo Jean-Ricner Bellegarde, mzaliwa wa Ufaransa aliyewahi kuchezea timu ya vijana ya huko, aliingia Haiti kwa mlango huo. Duckens Nazon, mfungaji bora wa muda wote wa timu ya taifa, alizaliwa Ufaransa. Kipa na nahodha Johny Placide vilevile. Frantzdy Pierrot alizaliwa Cap-Haïtien na kukulia Massachusetts. Ni safari ya Gaetjens iliyogeuzwa: zamani kijana wa Port-au-Prince alizifaidisha nchi za wengine, na sasa vijana waliolelewa kwa wengine wanairudia nchi ya wazazi wao.

Wapo wanaoona kwamba timu ya namna hiyo haiwezi kuitwa ya taifa kikamilifu. Mimi naona kinyume chake. Wachezaji wa 1974 walikuwa karibu wote wanacheza ligi ya ndani, na bado timu ilikuwa mali ya ikulu. Hawa wa leo hawana ikulu inayowalipia wala inayoweza kuwapiga, na kila mmoja wao amechagua kuja. Walichokichagua si kitu chepesi, kwa kuwa mchezaji wa Haiti hawezi kutarajia posho kubwa wala viwanja vizuri vya mazoezi. Hata kuwaona mashabiki wake katika mji mkuu hawezi.

Mara ya mwisho mchujo wa Kombe la Dunia kuchezwa Port-au-Prince ilikuwa Juni 2021, Canada ilipokuja na kushinda 1-0. Mwezi uliofuata Rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake, na magenge yakaendelea kutanua himaya. Mapema mwaka 2024 wenye silaha waliuvamia hata Uwanja wa Sylvio Cator. Katikati ya giza hilo timu ya wanawake, ikiongozwa na Melchie Dumornay, ilikwenda New Zealand mwaka 2023, ikaifunga Chile 2-1 kwa mabao mawili ya Dumornay na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Wanawake ndio waliotangulia kuonyesha kwamba njia ya ugenini inapitika.

Kwa wanaume, mchujo wa 2026 ulikuwa na mambo mawili yanayopaswa kusemwa kwa uwazi. Fainali zimepanuliwa kuwa za timu 48, na Mexico, Marekani na Canada, vigogo watatu wa ukanda, zimeingia moja kwa moja kama wenyeji. Nafasi tatu nyingine zikabaki kwa washindi wa makundi matatu ya mwisho. Njia ilikuwa pana kuliko ile ya mwaka 1973 yenye nafasi moja, na hilo halikwepeki. Lakini Haiti haikupewa kundi la bure: ilipangwa na Costa Rica, iliyofika robo fainali mwaka 2014, na Honduras, iliyocheza fainali za 2010 na 2014, pamoja na Nicaragua. Mechi za “nyumbani” zilichezwa Willemstad, kisiwani Curaçao. Haiti ilitoka sare 0-0 na Honduras, ikatoka sare 3-3 kwa Costa Rica ambako Nazon alifunga mabao yote matatu, ikashinda 3-0 Nicaragua, kisha ikafungwa 3-0 Honduras, na hapo wengi wakaihesabu kuwa imekwisha. Mwezi Novemba iliifunga Costa Rica 1-0 kwa bao la Pierrot, na usiku huohuo Honduras ikajikwaa Nicaragua.

Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 18 Novemba, na kwa Wahaiti tarehe hiyo ina uzito wake. Ni siku ya mapigano ya Vertières ya mwaka 1803, ambayo jeshi la Jean-Jacques Dessalines, lililojaa watu waliokuwa watumwa, lililishinda jeshi la Ufaransa na kufungua njia ya uhuru uliotangazwa Januari 1, 1804. Jina la utani la timu, Les Grenadiers, linatokana na wimbo wa askari wa mapambano hayo. Louicius Deedson na Ruben Providence walifunga katika kipindi cha kwanza, Nicaragua ikalala 2-0, na wachezaji wakabaki uwanjani wakisubiri habari kutoka San José, ambako Costa Rica na Honduras hazikufungana. Haiti ikamaliza na pointi 11, Honduras 9, Costa Rica 7. Usiku huo Port-au-Prince watu walitoka barabarani kusherehekea, katika mji ambao kwa miaka kadhaa giza lilimaanisha kufunga milango. Curaçao iliyowakaribisha ilifuzu pia usiku uleule kwa sare dhidi ya Jamaica mjini Kingston, ikawa nchi yenye watu wachache kuliko zote zilizowahi kufika fainali.

Droo ya makundi ya Desemba 2025 iliiweka Haiti kundi moja na Brazil, Morocco na Scotland, na mechi zake zote zikapangwa katika miji ya Marekani. Hapo uwanja wa nyumbani unarudi kwa sura ya tatu. Tangu Juni 2025 Haiti imo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa na serikali ya Marekani kuingia nchini humo. Wachezaji, makocha na jamaa zao wa karibu wamesamehewa kwa ajili ya Kombe la Dunia, lakini shabiki wa kawaida wa Port-au-Prince au Cap-Haïtien hakusamehewa. Watakaoweza kujaza majukwaa ni Wahaiti ambao tayari wanaishi huko, na hao si wachache. Mechi ya kwanza, dhidi ya Scotland, ilipangiwa Foxborough karibu na Boston, katika jimbo la Massachusetts, ambako jamii ya Wahaiti ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi Marekani, na ambako Pierrot alijifunza soka lake.